Baada ya Saratani Kusambaa: Mgonjwa Anatudai Nini?



Niliombwa nizungumzie saratani, nami nikaomba ruhusa niupunguze uwanja. Habari za kuwahi kupima, za kuchunguza matiti, za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti, tunazisikia kila mwaka, na ni habari njema, ziendelee. Ila kila kampeni ya kuwahi hospitali ina watu inaowapita. Kuna aliyechelewa. Kuna aliyewahi, akapasuliwa, akamaliza dripu zake, akarudi kazini miaka kadhaa, kisha mgongo ukaanza kumuuma. Wote wawili leo wameandikiwa kwenye faili kwamba ugonjwa umesambaa. Tukifika hapo sauti zetu hupungua, na mabango yetu hayawataji.

Nao si wachache. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 42,000 na vifo 27,000. Tanzania wagonjwa wapya wapatao 40,000 na vifo karibu 27,000 vilevile. Kwa kila wagonjwa wapya watatu, vifo viwili. Hesabu ya namna hiyo haipatikani katika nchi ambako watu wengi hugunduliwa mapema.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mnihukumu kwayo. Mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa ana matibabu, na mengi katika yale yanayomgusa zaidi ni ya bei ndogo na yamejulikana kwa miaka mingi. Kinachomwangusha mara nyingi ni mpangilio wetu: nani anamwambia, nani anampa dawa ya maumivu, wapi, lini, na akizidiwa usiku anampigia nani.

Ugonjwa wenyewe

Tuanze na mambo ya mwili, maana hofu nyingi huzaliwa na kutoyajua.

Saratani huanza mahali pamoja. Baadaye chembe zake chache huweza kujitenga, zikapita kwenye damu au kwenye mishipa ya limfu, zikaenda kukaa kwenye kiungo kingine. Hazikai popote tu. Saratani ya titi huelekea zaidi mifupani, kwenye ini, mapafu na ubongo. Ya tezi dume hupenda mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Ya utumbo mpana hufika kwenye ini mapema, kwa kuwa damu itokayo tumboni hupita kwanza humo. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona kwamba viungo vilivyoshambuliwa havikuwa vya bahati nasibu. Akasema chembe za saratani ni mbegu, na mbegu huota pale tu inapokuta udongo unaoifaa. Wataalamu wa leo wameongeza mengi, lakini msingi huo haujang'oka.

Hapo pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Saratani ya titi iliyofika mfupani inabaki kuwa saratani ya titi. Hutibiwa kwa dawa za titi. Mama akiambiwa tu kwamba sasa ana "kansa ya mifupa", anadhani amepatwa na ugonjwa wa pili. Nyumbani wataanza kuulizana nani kamtupia. Na akifika hospitali nyingine bila faili la kwanza, daktari naye anaanza upya, anamrudisha kukatwa kinyama cha kupimwa, na wiki zinapotea.

Jambo la pili: kusambaa si kukoma kwa tiba. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa titi uliokuwa umefika mbali ulivyonywea baada ya kuondoa mifuko ya mayai ya mgonjwa. Mwaka 1941 Charles Huggins na mwenzake walionyesha kule Chicago kwamba saratani ya tezi dume iliyofika mifupani hurudi nyuma homoni ya kiume ikiondolewa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Leo yapo matibabu ya sindano na vidonge yanayotokana na maarifa hayo, na tamoksifeni, kidonge cha kumeza kila siku, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kweli kwamba ugonjwa uliosambaa ni nadra kupona kabisa. Lakini kati ya kupona na kufa kuna miezi, na kwa baadhi ya aina kuna miaka, ambayo mtu anaishi, analima, anafundisha, anamwoza binti yake. Huduma ninayoizungumzia leo ni ya miezi na miaka hiyo.

Siku ya kuambiwa

Mnaijua picha hii. Foleni imejaa hadi nje. Daktari ana majibu mezani. Anamtazama mgonjwa, anamtazama kijana wa kiume aliyemleta, kisha anamwambia kijana: "Wewe hebu njoo kidogo." Wanasogea pembeni. Mgonjwa amebaki kwenye kiti, anasoma migongo yao.

Tunayo methali, mficha maradhi kifo humuumbua, na tunapenda kuwarushia wagonjwa waliochelewa. Mara nyingi tunawaonea. Wengi hawakuficha: walikwenda zahanati wakapewa dawa za kutuliza, wakarudi wakapewa antibiotiki, wakarudi tena wakaambiwa ni mishipa. Na maradhi yakishagunduliwa, wanaoyaficha ni sisi, daktari na ndugu, tunamficha mwenye maradhi.

Sababu ya ndugu naielewa. Wanasema akijua atapandwa na presha, atakata tamaa, hatakula. Wanasema hivyo kwa mapenzi. Lakini mgonjwa si mtoto. Anaona watu waliokuwa hawaji sasa wanakuja kwa zamu. Anasikia simu ikipokelewa uani kwa sauti ya chini. Anajua, ila amenyimwa mtu wa kuzungumza naye. Na anaponyimwa ukweli ananyimwa pia nafasi ya kutenda: Mwislamu kuandika wasia na kulipa madeni yake, Mkristo kupatana na aliyekosana naye, mzazi kusema shamba la bondeni ni la nani kabla halijawa kesi ya ardhi.

Tatizo la upande wa pili nalo lipo. Kuna wanaomwaga ukweli mgonjwa akiwa bado amesimama mlangoni: "Hii imeshasambaa, hatuna la kufanya, nenda nyumbani." Sentensi hiyo ina kosa la adabu na kosa la kitaalamu, maana la kufanya lipo.

Njia ya katikati huanza kwa swali, kabla ya majibu kutolewa: "Mama, ungependa nikueleze kiasi gani, na ungependa nani awepo?" Kuna atakayesema nieleze yote peke yangu. Kuna atakayesema mwambie kaka yangu, mimi nielezeni dawa tu. Yote mawili ni haki yake, na ndugu wanaheshimiwa bila yeye kuvuliwa mamlaka juu ya mwili wake. Akiuliza muda uliobaki, asipewe idadi ya siku, kwa kuwa hakuna aijuaye. Aambiwe kwa kadiri: tunafikiria miaka, au miezi, au wiki. Kisha aambiwe hatua inayofuata, na aondoke na jina na namba ya simu ya mtu.

Wapo waliotuonyesha kwamba jambo hili laweza kusemwa hadharani. Mwaka 2019 Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra jijini Nairobi, aliwaeleza Wakenya kwamba ana saratani ya utumbo mpana ya hatua ya nne na kwamba haiponi, akaendelea na kazi kadiri alivyoweza. Alifariki Julai mwaka huohuo. Uwazi wake ulifanya mazungumzo yaliyokuwa ya kunong'ona yafanyike mezani.

Maumivu

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayeishi na saratani iliyofika mfupani anajua usiku una saa ngapi. Mtu mwenye maumivu hayo hali vizuri, hasali vizuri, hafikirii kesho. Na mara nyingi anapotamka kwamba afadhali afe, anachoomba ni maumivu yaishe.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's kule London, akafundisha kwamba morfini ya kunywa, ikitolewa kwa saa maalumu kabla maumivu hayajarudi, humwezesha mgonjwa kukaa macho na kuishi. Alifundisha pia kwamba maumivu yana pande nyingi: ya mwili, ya moyo, ya ada za shule zisizolipwa, ya kuhisi Mungu amekuacha. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa za maumivu ya saratani, kuanzia parasetamoli hadi morfini.

Afrika Mashariki haikukaa nyuma. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na kuanzia hapo unga wa morfini ukawa unachanganywa na maji, ukatiwa rangi ili ukali wake ujulikane kwa macho, kijani kwa ile nyepesi, na kutolewa kwenye chupa za plastiki za kawaida. Serikali ya Uganda ikakubali dawa hiyo itolewe bure. Kisha ikafanya jambo kubwa zaidi: mwaka 2004 iliruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini. Walitambua kwamba daktari hayupo kijijini, muuguzi yupo. Rwanda nayo inatengeneza morfini yake ya maji. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa miaka mingi imekuwa ikiichanganya na kuipeleka kwenye hospitali nyingine.

Sasa tazameni upande wa pili wa mizani. Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilihesabu dawa za jamii ya morfini zinazogawanywa duniani: tani 298.5 kwa mwaka. Nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Dawa yenyewe haina hati miliki, na unga wake ni rahisi. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza, kabati lenye kufuli, kibali cha kuandika, na ujasiri.

Nasema ujasiri kwa sababu hofu ipo, hata kwa wataalamu. Wanaogopa mgonjwa atakuwa teja. Wanaogopa dawa itamwahisha kufa. Morfini inayoanzishwa kwa kipimo kidogo, ikapandishwa kufuata maumivu, kwa mgonjwa anayefuatiliwa, haiharakishi kifo. Na mgonjwa wa saratani anayeihitaji kwa maumivu si mtu anayesaka ulevi. Yapo madhara ya kuangalia. Siku za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, ambavyo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Uganda, pale ambapo dawa hiyo ya kulainisha haipo, wamekuwa wakitumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mtu apitilize usiku. Maelezo hayo yanatosha kuandikwa nyuma ya karatasi moja, kwa Kiswahili.

Na maumivu yaulizwe. Kipo kipimo cha mkono kinachotumika Afrika: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Bibi asiyejua kusoma anakunja na kukunjua vidole, na muuguzi anaandika. Wodi isiyouliza haitajua, kwa sababu wazee wetu wamefunzwa kuvumilia.

Mionzi na barabara

Tumchukulie mama wa mfano anayeishi Kasulu, mkoani Kigoma. Saratani ya titi imefika kwenye mfupa wa nyonga. Anatakiwa kupigwa mionzi. Aende hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Ocean Road jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Atasafiri na nani? Atalala wapi? Ng'ombe yupi auzwe? Kila tuta la barabara linapita kwenye nyonga hiyo.

Kwa mama huyu sayansi ina habari nzuri ambayo mpangilio wetu mara nyingi haumfikishii. Tafiti nyingi zilizolinganisha zimeonyesha kwamba kwa maumivu ya mfupa usiovunjika na usiobana uti wa mgongo, dozi moja ya mionzi ya grei 8 hupunguza maumivu sawa na dozi ndogondogo za siku kumi. Tofauti ni kwamba wa dozi moja huweza kuhitaji kurudia baadaye. Mama wa Kasulu angepaswa kuelezwa yote mawili, akachagua. Kwa wengi siku moja badala ya wiki mbili ni tofauti ya kuuza ng'ombe mmoja au zizi zima, na ni nafasi inayoachiwa mgonjwa mwingine kwenye foleni.

Tunajua pia mashine chache zinatuweka wapi. Uganda ilikuwa na mashine moja ya mionzi ya nje, ya kobalti, pale hospitali ya Mulago, iliyokuwa imefanya kazi tangu 1995. Mwaka 2016 iliharibika isitengenezeke, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila mionzi. Baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi, wengi wakabaki. Wizara zinaponunua mashine, zinunue pia fundi, vipuri na mashine ya pili.

Kuna dharura moja ambayo kila muuguzi wa zahanati na kila anayeuguza nyumbani anapaswa kuijua. Mgonjwa mwenye historia ya saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia mkojo au choo, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Hilo halisubiri kliniki ya Jumanne. Dawa ya deksamethasoni, inayopatikana katika hospitali nyingi za wilaya, hupewa haraka huku rufaa ya mionzi au upasuaji ikiandaliwa. Aliyefikishwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefikishwa baada ya miguu kufa, mara nyingi hainuki tena. Saa ndizo zinazoamua.

Kidonda

Kuna mateso yasiyotajwa kwenye mihadhara kwa sababu ya haya. Titi likipasuka huwa kidonda, na kidonda hutoa harufu. Saratani ya mlango wa kizazi hutoa uchafu usiozuilika. Mwanamke anaacha kwenda msikitini, anaacha kanisa, anahamia chumba cha uani, anawakataza wajukuu wasimkaribie. Amefiwa na watu wote akiwa hai.

Harufu hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria, na bakteria hao wana dawa. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakapoa. Kisha vidonge vya metronidazoli, dawa ileile tunayomeza kwa amiba, husagwa vikanyunyiziwa juu kabla ya kufunga. Gharama yake ni ndogo, na siku si nyingi mtu anarudi kukaa na watu wake. Haihitaji profesa. Inahitaji mtu aliyethubutu kuuliza, "Mama, kidonda kinakusumbua vipi?" na kutovuta uso akifunuliwa.

Nyumbani

Hospitali humwona mgonjwa kwa dakika chache. Zilizobaki zote ni za nyumbani, na nyumbani maana yake ni mwanamke: binti aliyeacha shule, mke, dada aliyefunga genge lake sokoni. Hakuna aliyemfundisha kugeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke, wala kupima dawa kwa bomba la sindano. Tumemkabidhi kazi ya wodi bila mafunzo, tukamlaumu mgonjwa akirudi na vidonda.

Halafu pesa. Watu wetu wanachangishana, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tuwe wakweli juu ya kinachochangiwa. Nyumba huuzwa mtu apelekwe India, na wapo wanaorudi na dawa zilezile ambazo wangezipata hapa, wakiwa hawana pa kuishi. Safari nyingine zina maana, nyingine hazina. Daktari mwenye dhamana ajibu swali hili kabla ya shamba kuuzwa: tiba hii inategemewa kuleta nini, kwa muda gani, na kwa usumbufu gani? Familia ikijua kwamba dripu za awamu inayofuata huenda zisiongeze zaidi ya wiki chache za kulala kitandani, iachiwe iamue yenyewe, na uamuzi wake usiitwe kukata tamaa.

Wagonjwa wengi wanakwenda pia kwa waganga wa mitishamba na kwenye maombi. Ukimfokea, hataacha, ataacha kukuambia. Muulize anatumia nini, kwa sababu baadhi ya mitishamba hudhuru ini na figo na kuvuruga dawa. Viongozi wa dini mliopo, ninawaheshimu na ninawahitaji. Mgonjwa anawasikiliza ninyi kabla yetu. Mwombeeni, msomeeni dua, na katika dua hiyohiyo mwambieni asiache dawa zake.

Wakati wa kuanza

Nchi zetu zina huduma inayoitwa tiba shufaa: ya kutuliza maumivu, kuzungumza, kusaidia familia, kufika nyumbani. Kosa letu ni kuiita mwisho. Mgonjwa anatumwa huko siku daktari wa saratani anapofunga faili, kwa hiyo kila mtu anaiogopa.

Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida. Nusu ya pili walipata matibabu hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili walikuwa na maisha bora, walipungukiwa na huzuni, na walipata matibabu machache ya kuchosha karibu na mwisho. Tena waliishi zaidi: miezi 11.6 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 8.9. Utafiti huo ulifanyika Marekani, kwa saratani moja, wala sidai kwamba tarakimu zake zitajirudia Mwanza au Mombasa. Lakini unaondoa kisingizio kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumwacha afe. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziiweke tiba shufaa ndani ya mifumo yao ya afya. Nchi zetu zilikuwamo.

Anachotudai

Nimalize kwa madai, nikiyaelekeza kwa kila mmoja.

Kwa wizara: morfini ya kunywa iwepo katika kila hospitali ya wilaya na ya kaunti, na muuguzi aliyefunzwa aruhusiwe kuiandika, kama Uganda ilivyofanya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Fedha zake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine moja ya mionzi.

Kwa madaktari wa hospitali kubwa: asitoke mgonjwa bila karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye jina la saratani yake, ilikoanzia, ilikofika, dawa anazotumia, dalili za hatari na namba ya simu inayopokelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza muuguzi wa zahanati.

Kwa vyuo: mwanafunzi asihitimu kabla hajamwambia mgonjwa habari ngumu mbele ya mwalimu wake, akasahihishwa.

Kwa ndugu: muulizeni mgonjwa anachotaka, kisha msikilizeni hata jibu likiwauma.

Nanyi mnaougua, ulizeni bila haya. Saratani yangu ilianzia wapi, na imefika wapi? Tiba hii ni ya kuponya au ya kudhibiti? Maumivu yakizidi usiku nifanye nini? Mionzi yangu yaweza kuwa ya siku moja? Kuuliza si utovu wa adabu. Kliniki ipo kwa ajili yenu.

Mabibi na mabwana, mkirudi kazini Jumatatu, kabla ya jambo lolote, nendeni stoo ya dawa mkaulize kama morfini ipo. Kama ipo, ulizeni nani anaruhusiwa kuiandika na kama wodi inaijua. Kama haipo, ulizeni nani anaiagiza, muandike jina lake na tarehe aliyoahidi, na tarehe hiyo ikifika mrudi kuuliza tena.